Mama Alisema Mtoni, Mimi Nikasema Msituni

Jumatano, mwezi wa saba. Baridi ile ya Nairobi isiyo na haya, inayoingia mpaka ndani ya soksi, na mawingu yamefunika mji wote kama kifuniko cha sufuria. Niko kwa cyber, kwenye kompyuta ya kukodi, hapa katikati ya mji, karibu kabisa na hoteli tunakofanyia mkutano. Nimefika mapema kuliko hata wafagiaji kwa sababu nyumbani sikuweza kukaa. Nimekosea kuandika nywila mara tatu. Ningesema ni baridi, lakini uongo nimeshausema wa kutosha tangu jana.

Naogopa.

Nimeliandika hilo neno ili nilione limekaa mbele yangu, nikidhani litapungua. Wapi.

Kwa wale mnaopita kwenye blogu hii mara moja moja (najua ni wachache, na mmoja wenu ni binamu yangu, niaje), mimi kazi yangu ni kuchora ramani. Ofisi yetu iko Hurlingham, ghorofa ya juu, chini yetu kuna duka la dawa na mahali pa kusukia nywele. Tunashughulika na wanyama ambao watu wengi hawajui hata kama wapo. Tembo ana watu wake, simba ana watu wake na magari yao makubwa. Sisi tumeachiwa wadogo, na mwaka huu mdogo wetu ni paka.

Si paka wa jikoni. Ni paka mwitu wa misitu ya milimani, mnene wa miguu, mkubwa karibu kama mbwa wa kienyeji, rangi yake kahawia iliyoelekea wekundu. Wataalamu humwita paka wa dhahabu. Mama yangu, ambaye amemwona kwa macho yake, anauliza dhahabu iko wapi hapo, hiyo ni rangi ya chai iliyosahaulika kwa jiko. Wamebaki wachache sana huku kwetu, hata kuna waliosomea paka maisha yao yote na hawajamwona akitembea. Wanamjua kwa ngozi kuukuu, kwa nyayo kwenye matope, na kwa maneno ya watu.

Sasa, msaada wa kumlinda hauwezi kufika kila msitu. Lazima kuchagua pa kuanzia. Ndiyo maana ya huu mkutano: wataalamu wamekaa kuzunguka meza, ramani yangu imeangazwa ukutani, na wanachagua maeneo ya kipaumbele. Wakikubaliana juu ya msitu fulani wanauzungushia mstari, na huo mstari anayeuchora kwenye kompyuta ni mimi.

Kuna kanuni moja. Mstari haupiti hewani. Ni lazima ufuate kitu ambacho mtu akisimama pale atakiona kwa macho: mto, barabara, ukingo wa mlima, safu ya miti. Ni kanuni ya maana, kwa sababu mchunga ng'ombe hawezi kutii mpaka unaoonekana kwenye skrini ya Hurlingham peke yake. Nimeisifu hiyo kanuni mbele ya wageni mara nyingi.

Jana wakaufikia msitu wa kwetu.

Sitautaja jina. Mkisoma mpaka mwisho mtaelewa. Niwaeleze tu ulivyokaa. Juu kabisa ni msitu wenyewe, mzito, wa baridi, ambao mchana wake ni kama jioni. Ukishuka unakutana na safu ndefu ya mikaratusi iliyopandwa zamani na watu wa misitu. Chini ya mikaratusi ndiyo mashamba yetu, mahindi, viazi, ng'ombe wawili watatu, nyumba ya mama, kaburi la baba. Chini ya mashamba ni mto. Basi.

Kwa hiyo mpaka unaweza kufuata vitu viwili. Ukifuata mikaratusi, sisi tuko nje. Ukifuata mto, sisi tuko ndani, pamoja na kuku wetu na baba yetu.

Mtu wa Nairobi anaweza kuuliza, na mkiwa ndani kuna nini? Daktari Muthoni, mkubwa wangu, husema hivyo hivyo kila mara, na anasema kwa nia njema. Ati eneo la kipaumbele si kufukuza watu, ni mahali pa kuanzia kazi. Namwamini. Shida ni kwamba mimi najua watu wa ng'ambo ya bonde. Nao waliambiwa ni mpaka tu, wakaona mawe yamepakwa rangi nyekundu, wakaendelea kupalilia. Baadaye kabisa, ramani ikiwa imeshapita mikono ya watu wengine ambao hawakuwahi kuketi kwenye ile meza ya kwanza, magari yakaja. Walitolewa kabla mahindi hayajakomaa. Nilisoma darasa moja na msichana wa huko. Nilipomwona tena alikuwa anaishi chini ya turubai kando ya barabara na mtoto mgongoni, akanisalimia kwa jina langu lote, na mimi nikajifanya nina haraka.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nyoka hakuniuma, lakini nilimwona akimuuma jirani.

Basi jana mchana mwenyekiti wa mkutano akatazama ukuta na kuuliza tufuate nini, miti au mto. Wengine wakasema miti, kwa kuwa paka huyu ni wa msituni. Wengine wakasema mto, kwa kuwa huenda anashuka kunywa maji, na eneo lisilo na maji si eneo. Hapo Daktari Muthoni akageuka.

"Chebet, si huko ni kwenu? Watu wa huko wanasema nini, huyu mnyama anashuka au hashuki?"

Vichwa vyote vikanigeukia. Nilikuwa nimeshika kipanya cha kompyuta, na niliona kile kimshale kwenye ukuta kimesimama juu ya ramani, mbele ya watu wote, hapo hapo juu ya nyumba ya mama. Nikakisogeza pembeni.

"Sijui," nikasema. "Mimi nilitoka huko nikiwa mdogo. Labda mama."

Kwa nini nilisema labda mama, Mungu peke yake ndiye anayejua. Ulimi hauna mfupa. Mama yuko hapa Nairobi kwangu, amekuja kliniki kwa ajili ya goti, na Daktari anajua kwa sababu mimi mwenyewe niliomba ruhusa ya kumpeleka.

"Si mama yuko kwako Riruta? Basi nitakupeleka nyumbani leo jioni, nimsalimie na nimuulize mwenyewe," akasema Daktari. Mwenyekiti akafurahi. Msitu wa kwetu ukaahirishwa mpaka leo.

Nilipanda gari la Daktari kama mtu anayeenda kung'olewa jino. Kwanza tulipitia kwake Lavington achukue kadi zake za picha. Askari akafungua geti, mtunza bustani akapunga mkono, mbwa wakaja kuninusa wakiwa wameshiba vizuri. Daktari akaniambia karibu ndani, nikasema nitangoja kwa gari. Nilikuwa najaribu kufikiria jinsi ya kumwambia mama ajifanye amelala. Yeye hana simu. Ningempigia Mama Kevo, jirani wangu wa mlango wa pili, lakini ningemwambia nini? Mwambie mama alale, mgeni anakuja? Mama akisikia mgeni anakuja hawezi kulala hata ukimpiga na rungu.

Tulipofika, alikuwa ameshasikia gari na kuvaa kitambaa chake cha kanisa.

Daktari Muthoni ni mtu wa watu, siwezi kumnyima hiyo. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akajaribu salamu yetu. "Chamgei, Mama." Mama akacheka mpaka akashika goti, akamjibu "chamgei mising," na akaenda moja kwa moja kuchukua kibuyu cha mursik alichokuja nacho kutoka nyumbani. Kwetu mgeni haulizwi neno wala haulizi neno kabla hajanywa. Daktari akanywa kikombe kizima cha yale maziwa machachu bila kukunja uso. Nikajua nimekwisha, maana mama akishampenda mtu humwambia kila kitu.

Jambo moja mlijue. Mama anakielewa Kiswahili vizuri sana, cha redio na cha kanisani, lakini mbele ya mgeni msomi huona haya kukizungumza. Huzungumza lugha yetu, na mtoto anasema kwa niaba yake. Ndivyo imekuwa tangu nikiwa shule ya msingi, kwa chifu, kwa daktari, kwa mwalimu mkuu. Mimi ndiye mdomo wake wa Kiswahili.

Daktari akapanga kadi mezani, kati ya vikombe. Ni picha za wanyama wa jamii ya paka na wengine wanaofanana nao, bila majina. Hii kazi ina ujanja wake. Katikati ya kadi huwekwa mnyama mmoja asiyekuwepo kabisa Afrika, chui fulani wa Amerika ya Kusini, mzuri ajabu. Shahidi akisema huyo pia yuko kwetu, nilimwona juzi, basi maneno yake yote yanawekwa kando kwa upole na anashukuriwa kwa chai. Wengi hukamatika hapo, hasa wale wanaotaka kumfurahisha mgeni.

Niliomba mama akamatike. Naliandika hilo hapa na naona aibu. Niliomba mama yangu aonekane mwongo.

Mama akazitazama kadi kama mtu anayechagua viazi vya mbegu. Akamsukuma mondo upande mmoja, "huyu ni wa nyasini, haji kwetu." Akamgusa kanu, "huyu mwizi wa mayai." Fungo akamtambua pia, akaziba pua kwa kuikumbuka harufu yake, Daktari akacheka. Alipomfikia yule chui wa Amerika akamgeuza kifudifudi. "Huyu ni wa televisheni."

Halafu akaweka kidole juu ya picha ya paka mwekundu na kutabasamu.

"Huyu ni wangu," akasema.

Nikatafsiri hilo. Halikuwa na madhara bado.

Akaanza kueleza, na kila neno likaisogeza nyumba yetu ndani ya mstari. Kwamba humwona asubuhi na mapema, ukungu ukiwa bado chini. Kwamba hutoka kwenye mikaratusi, hupita katikati ya mahindi yetu bila kuvunja hata bua, hushuka mpaka mtoni, pale pale tunapochotea maji, hunywa, hutazama huku na huku, hurudi. Kwamba amewahi kuchukua kuku, ndiyo, lakini tangu aanze kupita wale fuko wanaokula viazi ardhini wamepungua sana, kwa hiyo yeye humhesabia wale kuku kama mshahara. Kwamba siku moja walikutana ana kwa ana njiani, yeye na ndoo, paka na kiu, na wakapishana kama watu wawili wenye adabu.

Alieleza kwa furaha. Sijawahi kumsikia mama akieleza jambo kwa furaha hivyo tangu baba afariki.

Daktari akanigeukia, kalamu mkononi. "Anasemaje?"

Nikasema, "Anasema humwona juu, ndani ya msitu, akienda kuokota kuni. Chini hashuki."

"Hashuki kabisa? Hata mtoni?"

"Hata mtoni."

Neno mto mama analijua. Anaimba nyimbo za mto kila Jumapili. Nilihisi macho yake shavuni mwangu, na sikugeuka. Nilimngoja aseme kitu. Kwetu lakini mzazi hamwaibishi mtoto wake mbele ya mgeni, hata mtoto akiwa amekosa vipi, hata akiwa anaiba kijiko. Mama akainama, akachukua kibuyu, akamwongezea Daktari mursik.

Daktari alifurahi sana. Akaniambia mlangoni akivaa viatu, "Shahidi safi kabisa huyo. Kesho tutafuata miti, imekwisha hiyo." Akamshika mama mikono miwili na kumshukuru. Mama akamjibu kwa Kiswahili, polepole, "Karibu tena, Daktari. Karibu kwetu ujionee."

Mlango ukafungwa. Nilijifanya naosha vikombe.

"Chebet," mama akasema nyuma yangu. "Mimi nilisema mtoni."

Nikakaa chini, nikamweleza yote. Mkutano, mstari, miti na mto, ndani na nje. Watu wa ng'ambo ya bonde. Kaburi la baba. Nilieleza vibaya, kwa haraka, nikilia kidogo, na kwa sababu nilitaka anisamehe nilieleza kwa kutisha kuliko nilivyokusudia. Nilitaka aone kwamba uongo wangu ulikuwa mkubwa kwa sababu hatari ilikuwa kubwa. Mwenye kosa hupamba.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo huyu akionekana mtoni, sisi tunatolewa?"

"Sijasema hivyo, Mama. Nimesema naogopa."

"Umesema hivyo," akajibu, na akaenda kulala bila kula.

Leo asubuhi nilimkuta ameshaamka, ameketi kwenye kiti kile kile cha jana, chai mbele yake imeshika utando. Aliniambia nimpigie simu Kiprono, ndugu yangu anayekaa nyumbani na kuangalia shamba. Nikauliza kuna nini.

"Achinje kuku mmoja, amtie ile dawa ya kupulizia nyanya, amweke kwenye njia ya mtoni. Kuku mmoja atatosha. Huyo paka hana woga, atakula tu."

Nilidhani sijamsikia vizuri. Nikamwambia, Mama, si jana ulisema ni wako? Si ulisema fuko wamepungua?

"Nilisema kabla sijajua."

"Mama, hao wamebaki wachache sana dunia nzima."

"Na sisi tumebaki wangapi pale?" Akanitazama moja kwa moja. "Hakuna paka, hakuna mstari. Wewe mwenyewe ndiye uliyenionyesha. Piga simu."

Nikamwambia credit imeisha. Uongo mwingine huo, wa pili au wa tatu, nimeacha kuhesabu. Akasema sawa, na akaanza kutafuta viatu vyake. Nilikimbia. Sina neno zuri zaidi la kueleza nilivyotoka. Nilichukua mfuko na nikakimbia kama mtoto aliyevunja chungu, na sikusimama mpaka nikafika mjini.

Kwa hiyo hapa nilipo, nawaza.

Miaka yote hiyo mama aliishi na yule mnyama bila wasiwasi. Alimlipa kwa kuku. Hakujua ni adimu, hakujua ana thamani kwa mtu yeyote, hakujua kuna watu wanapanda ndege kuja kukaa hotelini kwa ajili yake. Alijua tu ni jirani wa asubuhi. Woga huu haukuwa wake. Nilimletea mimi, katika sebule yangu mwenyewe, nikidhani naokoa nyumba. Ofisini tunasema kila siku kwamba hatari kubwa ya paka huyu ni kukatwa kwa misitu, na mitego, na mbwa. Hakuna aliyeandika popote binti wa Riruta aliyeogopa akaanza kusema ovyo.

Na kama ningesema mtoni jana? Huenda hata hapo mama angeogopa. Huenda mstari ungechorwa, na baada yake wengine, na turubai. Sijui. Hilo ndilo linalonimaliza, kwamba sijui. Ningekuwa na uhakika kwamba tutatolewa ningepigana nikiwa na moyo mweupe. Ningekuwa na uhakika kwamba hatutatolewa ningesema ukweli na kurudi kunywa chai. Mimi niko katikati, na katikati ndiko kwenye baridi yote.

Nimejaribu kuhesabu kama mtaalamu. Upande huu paka mmoja, labda wawili, labda na watoto wake. Upande ule mama mmoja, Kiprono, mke wake, watoto, kaburi. Nikihesabu hivyo naona nimeshakosea tangu mwanzo, maana nimewaweka pande mbili, na pale mtoni hawakuwa pande mbili. Walikuwa wanapishana njiani. Kwenye ramani yangu hakuna rangi ya hilo. Kuna kijani ya msitu na kuna manjano ya watu, na kati yake ni mstari mwembamba mweusi ninaouchora mimi.

Kijana wa cyber ameniuliza kama niko sawa. Nimemwambia ni mafua.

Simu imelia.

Ni meseji ya Kiprono. Huwa hana mtandao mpaka afike senta kupeleka maziwa, kwa hiyo sasa hivi ndiyo amefika. Nainakili kama alivyoiandika:

"Sasa dada. Mama amenipigia na simu ya Mama Kevo. Ati nimtegee ile paka ya mto na dawa. Ati wewe unajua sababu. Ni ukweli? Nifanye aje?"

Nimeisoma nikaweka simu chini, nikaichukua tena. Yuko senta. Akitoka hapo simu inakufa mpaka kesho. Ana dawa nyumbani, kila mtu ana hiyo dawa, na kuku wamejaa. Mama amempa amri, na kwetu kijana hamkatalii mama yake. Lakini ameniuliza. Angeweza kwenda tu. Ameniuliza mimi dada yake niliyesoma.

Ningeweza kunyamaza. Jana nilinyamaza kwa kusema maneno mengine, leo ningenyamaza kwa kutosema lolote. Mchana mstari ungefuata miti. Wiki ijayo njia ya mtoni ingekuwa haina nyayo. Hakuna mtu angeniuliza chochote tena, na jina letu halingetajwa kwenye mkutano wowote. Tungekuwa salama. Nimeliandika neno salama na nimeliangalia kwa muda mrefu kuliko lile la kwanza.

Nimemjibu: "Usitege. Usiweke dawa hata kidogo. Fungia kuku ndani mpaka jua litoke vizuri. Mama nitaongea naye mimi."

Halafu, kabla sijapoteza nguvu, nikaongeza ya pili: "Leo nitawaambia kwa mkutano kwamba paka anafika mtoni. Jana nilidanganya."

Saa ya mkutano imekaribia. Kupitia dirishani namwona Daktari Muthoni akivuka barabara na kompyuta yake begani, anacheka na mtu. Itabidi nimwambie kwanza yeye, pembeni, kwamba mama hakusema nilichosema. Ataniangalia vile anavyomwangalia shahidi aliyekamatika. Huenda nikapoteza kazi, na ikitokea hivyo hata ule mstari utachorwa na mkono wa mtu mwingine asiyejua nyumba ya mama ni ipi. Hilo nalo naliogopa. Naogopa jioni pia, mama atakaponifungulia mlango. Naogopa kila kitu leo, nimegundua woga hauna mpangilio.

Kiprono amejibu.

"Sawa. Kuku nitafungia. Na sisi je?"

Nimeandika "msijali", nimefuta. Nimeandika "hamtatolewa", nimefuta. Hayo yangekuwa uongo mwingine.

Nafunga hapa. Naenda mkutanoni kuwauliza hilo swali lake, kwa sauti, kabla mtu yeyote hajaniambia nianze kuchora.